Mkutano wa video ukikwama: alama, kanuni za ruta, foleni ya haki au laini ya peke yake?

Kila Jumatano saa nne asubuhi, madaktari wa hospitali moja ya mkoa niliyokuwa nikiihudumia walikaa mbele ya televisheni kubwa kuzungumza na mabingwa walioko mbali. Kamera ilikuwa nzuri, laini ilikuwa ya faiba, na siku nyingine zote picha ilitulia. Ila Jumatano, dakika kumi tu baada ya kuanza, sauti ilikatika vipandevipande, picha ikaganda, na bingwa wa upande wa pili akabaki kuuliza, "Mnanisikia?" Mgonjwa aliyekuwa akijadiliwa alikuwa kitandani, wodini, anasubiri jibu. Wiki tatu tulilaumu kifaa. Wiki ya nne nikagundua kwamba saa nne hiyohiyo ndipo kompyuta ya chumba cha eksirei ilipoanza kutuma picha za juma zima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Laini ilikuwa na megabiti 10 za kupakia, na picha zile zilizimeza zote.

Tangu hapo swali ninaloulizwa na mafundi wenzangu halibadiliki: tukitaka chumba cha mkutano kipite kwanza, tuwashe alama za QoS (mpango wa kipaumbele mtandaoni) kwenye vifaa, tuandike kanuni kwenye ruta, tuweke ile foleni inayogawa kwa haki, au tununue laini nyingine tumalize? Zote nne nimeziweka kwa mikono yangu, na zote nimeziona zikifaulu na zikishindwa. Ninazipanga hapa zipimwe kwa vipimo vilevile ili uchague kulingana na mahali pako.

Kwanza ijue foleni yako

Kipaumbele hakiongezi kasi hata kidogo. Kazi yake ni kuamua nani atangulie pale pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinapokuwa nyingi kuliko njia. Mahali pasipo na foleni, hakuna cha kuamua. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: foleni inajipanga wapi?

Katika taasisi nyingi za kwetu hujipanga mlangoni, pale mtandao wa ndani wa gigabiti 1 unapokutana na laini ya kutokea yenye megabiti 10 au 20. Na mara nyingi ni upande wa kupakia, kwa sababu vifurushi vingi vya intaneti huuzwa kwa kasi ya kupakua, huku kasi ya kupakia ikiwa ndogo zaidi. Mkutano wa video hauli upande mmoja tu: unatuma karibu kiasi kilekile unachopokea.

Fanya hesabu. Modemu yenye nafasi ya kushikilia megabaiti 1 (sawa na megabiti 8) ya pakiti zinazosubiri, kwenye laini ya kupakia megabiti 10 kwa sekunde, huhitaji sekunde 0.8 kuimaliza akiba hiyo. Pakiti ya sauti ya daktari ikifika nyuma ya mlima huo, inasubiri sekunde 0.8. Pendekezo la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, liitwalo G.114 linataka safari ya upande mmoja, kutoka mdomo hadi sikio, isizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri. Nasi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunaanza tukiwa tumeshatumia sehemu ya hizo: mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kebo ya baharini yenye urefu wa kilomita 10,000 inakula milisekunde 50 kabla ruta yoyote haijaigusa pakiti. Wenzetu wanaopiga simu kutoka mji mmoja wa Ulaya kwenda mwingine wana nafasi ya kupoteza. Sisi hatuna.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Fungua kompyuta iliyounganishwa kwa waya, piga ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) kwenye ruta yako na nyingine kwenye anwani ya nje. Ziache zikiendelea, kisha pakia faili kubwa mtandaoni. Ping ya nje ikitoka milisekunde 30 ikaruka hadi 600 huku ya ruta ikibaki 1, foleni iko mlangoni. Rudia ukiwa kwenye wai-fai. Ikiwa ping ya kwenda kwenye ruta yako mwenyewe nayo inaruka, ugonjwa uko hewani, ndani ya jengo, na hakuna kanuni ya mlangoni itakayoutibu. Vuta waya hadi kwenye kifaa cha mkutano kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Nimeona taasisi zikinunua ruta mpya kwa tatizo ambalo mita 15 za kebo zingelimaliza.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza mambo matano. Inafanyaje kazi, na inagusa foleni ipi? Inautambuaje mkutano miongoni mwa pakiti nyingine, ambazo siku hizi karibu zote zimesimbwa, yaani yaliyomo yamefichwa? Inakwama wapi? Inadai kazi na fedha kiasi gani, si siku ya kuiweka tu bali mwaka wa pili pia, fundi aliyeiweka akiwa ameshahama? Na inamfaa nani?

Njia ya kwanza: alama kwenye pakiti

*Inavyofanya kazi.* Kila pakiti ya IP ina nafasi ya biti sita inayoitwa DSCP, iliyowekwa rasmi mwaka 1998. Biti sita zinatoa namba 0 hadi 63. Kifaa cha mkutano kinaandika namba pale: kwa desturi 46 kwa sauti na 34 kwa video. Swichi (kifaa kinachounganisha waya za mtandao), kituo cha wai-fai na ruta vikiisoma, vinaipeleka pakiti kwenye foleni ya mbele. Ni king'ora cha gari la wagonjwa. Kinasaidia pale tu walioko njiani wanapokijua na kukubali kupisha.

*Inavyoutambua mkutano.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda zote. Kifaa chenyewe kinajua ipi ni sauti, ipi ni video na ipi ni skrini inayoonyeshwa, hata kama kila kitu kimesimbwa. Ukiiwasha QoS kwenye ukurasa wa msimamizi wa Microsoft Teams, sauti hutoka kwenye poti (namba za milango ya programu) 50000 hadi 50019, video 50020 hadi 50039, na skrini 50040 hadi 50059, ili kompyuta za Windows zipewe sera ya kuziandika 46, 34 na 18. Zoom huja na namba zake, 56 kwa sauti na 40 kwa video, na msimamizi wa akaunti anaweza kuzibadilisha. Nakushauri uzibadilishe ziwe 46 na 34, kwa sababu 56 ni daraja ambalo ruta na swichi hulitumia kwa mazungumzo yao wenyewe ya kuendesha mtandao.

*Inapokwama.* Inakwama mahali pengi, na karibu kila mara kimyakimya.

Mahali pa kwanza ni swichi. Swichi nyingi zinazosimamiwa, ukiwasha QoS bila kutaja kwamba tundu fulani la waya linaaminiwa, hufuta alama na kuandika 0. Fundi anaamini amewasha kipaumbele, kumbe amekifuta. Mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili kwenye chuo kimoja kwa jambo hili, hadi nilipochomeka kompyuta katikati ya njia na kuzitazama pakiti kwa Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti: zilitoka kwenye kamera zikiwa na 46, zikafika kwenye ruta zikiwa na 0.

Mahali pa pili ni wai-fai. Kituo cha wai-fai kina madaraja manne tu: sauti, video, kawaida na nyuma. Vituo vingi huchukua biti tatu za mwanzo za DSCP kuamua daraja. Namba 46 ikikatwa hivyo inatoa 5, na 5 ni daraja la video. Sauti uliyoipa heshima ya juu inaingia foleni moja na picha. Mwongozo wa mwaka 2018 wa IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, uitwao RFC 8325, unaelekeza 46 ipelekwe kwenye daraja la sauti, lakini ni lazima uangalie kama kituo chako kinaufuata au kina mahali pa kubadilisha.

Mahali pa tatu hapana dawa: intaneti ya umma. Ukishatoka kwenye ruta yako, hakuna anayelazimika kuheshimu alama zako, na watoa huduma wengi huzifuta. Pakiti zinazorudi kwako kutoka kwenye seva za mkutano hufika zikiwa na 0. Kwa hiyo alama peke yake hailindi upande wa kupakua, na hata upande wa kupakia hailindi kitu ikiwa ruta yako ya mlangoni haina foleni inayoisoma.

*Kazi na gharama.* Inadai swichi zinazosimamiwa, vituo vya wai-fai vinavyopangika, na mtu anayejua kila kifaa kilichopo njiani. Kifaa kimoja kikibadilishwa na kipya kikawekwa kama kilivyotoka kwenye boksi, mnyororo umekatika na hakuna taa itakayowaka kukuambia.

*Inamfaa nani.* Chuo kikuu, benki, wizara, shirika lenye majengo kadhaa na idara yake ya TEHAMA. Hasa inafaa pale matawi yanapounganishwa kwa laini za kukodi ambazo mkataba wake na mtoa huduma unataja madaraja ya huduma. Hapo alama inaheshimiwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna njia nyingine inayoifikia.

Njia ya pili: kanuni za kipaumbele kwenye ruta

*Inavyofanya kazi.* Badala ya kukitegemea kila kifaa njiani, unaweka akili yote mlangoni. Unaiambia ruta: laini ina megabiti 10 za kupakia, wewe usitoe zaidi ya 9. Kwa kubana hivyo, foleni inahama kutoka kwenye modemu usiyoitawala na kuja kwenye ruta unayoitawala. Jambo hili ndilo moyo wa kazi yote. Asiyelifanya, hata aandike kanuni mia, anapanga foleni mahali ambapo hakuna mtu anayesubiri.

Kisha unagawa. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wa huku tumejifunzia kazi, vipaumbele huanza 1 cha juu hadi 8 cha chini. Kwa hospitali ile nilipanga hivi katika zile megabiti 9: chumba cha mkutano kimehakikishiwa 4 na kinaweza kupanda hadi 9, kipaumbele 1. Ofisi na wodi zimehakikishiwa 4, kipaumbele 4. Hifadhi ya picha za eksirei imehakikishiwa 1, kipaumbele 8, nayo ikiruhusiwa kutumia 9 zote pale wengine wanapokuwa kimya. Jumla ya zilizohakikishwa ni 9 kamili. Ikizidi uwezo wa foleni mama (ile ya megabiti 9), ahadi zako ni hewa na ruta itagawa inavyojua.

*Inavyoutambua mkutano.* Kwa anwani au kwa poti. Anwani ndiyo njia safi: kifaa cha ukutani kipe anwani ya IP isiyobadilika, kisha andika kanuni moja inayoitaja. Ni kwa sababu hii naipenda njia hii kwa vyumba vya mkutano kuliko kwa watu wenye kompyuta za mapajani. Hao hubidi watambuliwe kwa poti: Teams hutumia UDP (usafirishaji wa pakiti usiosubiri uthibitisho) 3478 hadi 3481 kwenye seva zake, Zoom UDP 8801 hadi 8810, Google Meet UDP 3478 na 19302 hadi 19309. Zinafanya kazi, lakini kampuni zinaweza kuzibadilisha wakati wowote. Tena UDP ikizuiwa mahali fulani, mkutano unahamia TCP 443, poti ya tovuti za kawaida, ambako unafanana na tovuti nyingine yoyote na kanuni yako haiuoni tena.

*Inapokwama.* Kwenye MikroTik kuna kitu kiitwacho FastTrack, na katika mipangilio ya kiwandani ya ruta ndogo huwa kimewashwa. Kazi yake ni kuharakisha pakiti kwa kuzipitisha njia ya mkato, na njia hiyo haipiti kwenye foleni. Unaandika kanuni, unaona zimekaa vizuri, na hakuna kinachobadilika. Zima FastTrack, au iandike upya isiguse anwani ya chumba.

Ukikipa kipaumbele kitu kikubwa mno, wengine wanakufa njaa. Miongozo ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, imeshauri kwa miaka mingi kwamba foleni ya kipaumbele kamili isichukue zaidi ya theluthi ya laini. Mimi nimevuka kiwango hicho pale hospitali kwa makusudi, kwa kuwa mkutano ni saa mbili kwa wiki. Nisingevuka kwenye ofisi yenye mikutano siku nzima.

Lakini udhaifu mkubwa ni kwamba namba zote ni za kudumu, na laini nyingi si za kudumu. Ukibana kwenye megabiti 9 na jioni laini ikashuka hadi 6, foleni inarudi kwenye modemu na kanuni zako zinabaki pambo. Anayetumia modemu ya 4G au Starlink, intaneti ya setilaiti ambayo Kenya iliipata mwaka 2023 na ambayo kasi yake hubadilika ndani ya saa moja, aichukue njia hii kwa tahadhari.

*Kazi na gharama.* Ruta moja ya bei ya kati na siku moja ya kazi. Mwaka wa pili mtu anahitajika kukumbuka kwamba laini imepandishwa kasi na kanuni bado zinaibana kwenye ile ya zamani. Hili hutokea kuliko unavyodhani. Andika namba na tarehe kwenye karatasi, ibandike ndani ya kabati la vifaa.

*Inamfaa nani.* Mahali penye chumba kimoja au viwili vya mkutano, laini ya faiba yenye kasi thabiti, na jambo moja lililo muhimu kuliko mengine yote, ambalo uongozi umekubali kwamba litangulie.

Njia ya tatu: foleni inayogawa kwa haki

*Inavyofanya kazi.* Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, namna ya kusimamia foleni inayopima muda ambao kila pakiti imesubiri. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, inaanza kudondosha pakiti moja moja ili anayetuma apunguze mwendo. Ikaunganishwa na ugawaji wa zamu kwa kila mtiririko (mawasiliano kati ya kifaa na seva), ikazaliwa fq_codel, kisha CAKE iliyoingia kwenye Linux mwaka 2018. Zote mbili unazipata kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, na kwenye RouterOS ya MikroTik toleo la 7. Kazi yako ni kupima laini, kuandika takriban asilimia 90 ya kasi uliyoipata kwa kila upande, na kuwasha.

*Inavyoutambua mkutano.* Haiutambui, na haihitaji. Mtiririko mwembamba unaotuma pakiti chache kwa utaratibu, kama sauti, hutangulizwa. Wenye kumwaga hupewa zamu. Sauti ya mkutano ni chini ya megabiti 0.1, kwa hiyo inapenya karibu wakati wote bila mtu kuandika kanuni hata moja. Mara ya kwanza nilipoiwasha kwenye ofisi ya watu tisa, ping iliyokuwa ikiruka hadi nusu sekunde ilitulia, na hakuna mtu aliyenipigia tena kuhusu mikutano. Bado nakumbuka nilivyofurahi.

*Inapokwama.* Haki ni haki kwa wote, na hapo ndipo mwenye chumba cha mkutano anapoumia. Chukua laini ya megabiti 10 za kupakia. Mitiririko 40 ya watu wanaopakia mafaili ikigawana sawa, kila mmoja anapata megabiti 0.25. Video ya Zoom ya watu wawili kwa ubora wa 720p inataka takriban 1.2. Sauti itapita salama, picha itashuka hadi ukungu. CAKE inapunguza tatizo kwa kugawa kwanza kwa kila kifaa badala ya kila mtiririko, hivyo kompyuta moja yenye mitiririko 30 haipati sehemu 30. Lakini vifaa 20 vyenye kazi nzito bado vitakiacha chumba na megabiti 0.5.

CAKE inaweza pia kusoma alama za DSCP na kuzigawa kwenye madaraja manne. Hapa njia ya kwanza na ya tatu zinashikana mikono, na kwa kweli huo ndio mpangilio ninaoupenda kuliko wote pale vifaa vinapouruhusu. fq_codel yenyewe haisomi alama.

Tatizo jingine ni nguvu za ruta. Kazi hii inafanywa na prosesa, na ruta ndogo ya bei nafuu inayopitisha megabiti 500 kwa njia ya mkato inaweza kushindwa kufika 100 ukiiwasha. Kwa laini ya megabiti 20 hutajua tofauti.

Kuhusu laini inayopanda na kushuka, tatizo la namba ya kudumu lipo hapa pia, ila lina dawa: kwenye OpenWrt kuna skripti iitwayo cake-autorate inayotazama ucheleweshaji na kurekebisha kikomo yenyewe. Nimeiona ikiiokoa 4G ya kijijini.

*Kazi na gharama.* Ndogo kuliko zote. Namba mbili, kitufe kimoja cha kuwasha, na huna kanuni za kutunza.

*Inamfaa nani.* Ofisi ndogo, nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi kwa mtandao, shule, na mahali popote ambapo mikutano inafanywa na kila mtu kwenye kompyuta yake na hakuna chumba kimoja cha kukipendelea. Pia panapokuwa hakuna fundi wa karibu.

Njia ya nne: laini ya peke yake

*Inavyofanya kazi.* Chumba cha mkutano kinapewa laini yake, au ruta inaelekezwa kupeleka anwani ya chumba kwenye laini ya pili. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua picha hii: njia ya mwendokasi. Hakuna haja ya kumwomba mtu apishe.

Tofautisha na VLAN, yaani mtandao uliotengwa kwa mipangilio juu ya waya zilezile. Watu huniambia chumba kimeshatengwa kwa sababu kiko kwenye VLAN yake. VLAN inatenganisha vifaa kiusalama na kianwani. Ikiwa VLAN zote zinatokea kwenye mlango mmoja wa megabiti 10, foleni ni ileile.

*Inavyoutambua mkutano.* Kila kinachotoka chumbani ni mkutano. Basi.

*Inapokwama.* Laini mbili si lazima ziwe njia mbili. Faiba mbili za kampuni mbili zikipita kwenye nguzo moja, lori moja linazikata zote. Na mbali zaidi, Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti iliyumba Tanzania, Kenya na kwa majirani kwa wakati mmoja, na wateja wa kampuni tofauti wakajikuta kwenye shida moja. Unaponunua laini ya pili muulize mtoa huduma inapita wapi hadi nje ya nchi.

Jambo lingine linaloniuma ni upotevu. Chumba kinachotumika saa sita kwa wiki kinalala na laini nzuri siku nzima, huku wanafunzi au wauguzi upande wa pili wa ukuta wakihangaika.

*Kazi na gharama.* Kazi ni ndogo, malipo ni ya kila mwezi, na hayaishi.

*Inamfaa nani.* Mahali ambapo mkutano ukikatika kuna hasara isiyorudishika: mahakama zinazosikiliza mashahidi kwa video, upasuaji unaoongozwa kwa mbali, kikao cha bodi kinachopitisha fedha. Na taasisi yenye bajeti lakini isiyo na fundi.

Kwa hali yako

Kama kipimo cha ping kimeonyesha tatizo liko kwenye wai-fai, usichague chochote kwanza. Vuta waya, kisha pima tena.

Kama una chumba kimoja, faiba thabiti na ruta inayopangika, anza na ya pili. Hospitali ile iko hapo hadi leo. Picha za eksirei siku ya Jumatano hufika zikiwa zimechelewa, na chumba cha eksirei hakijawahi kulalamika, maana hakuna anayezisubiri saa hiyo.

Kama ni watu 5 hadi 15, kila mmoja na kompyuta yake, ya tatu itakutosha. Watu wakiongezeka na picha zikaanza kufifia huku sauti ikibaki safi, hiyo ni dalili kwamba ugawaji unafanya kazi na laini yenyewe ndiyo ndogo. Nenda kwa mtoa huduma ukaongeze kasi ya kupakia, na uitaje kwa jina, la sivyo utauziwa ya kupakua.

Kama laini ni ya 4G au ya setilaiti, chukua ya tatu pamoja na kikomo kinachojirekebisha. Pia punguza ubora wa video kwenye kifaa chenyewe. Watu huvumilia picha yenye ukungu kwa saa nzima. Sauti inayokatika hawaivumilii dakika tano. Ukiwa na kasi ya kupakia chini ya megabiti 2, ilinde sauti tu na video iwe bahati.

Kama una majengo mengi, swichi zinazosimamiwa na matawi yaliyounganishwa kwa laini za kukodi, ni ya kwanza ndani, pamoja na ya pili au ya tatu mlangoni. Alama bila foleni ya mlangoni haitakufikisha.

Kama kukatika hakuruhusiwi kabisa, ni ya nne, na ile laini ya kawaida iwe ya akiba iliyopangwa kwa njia ya pili, ili siku laini maalumu ikifa mkutano usianguke kwenye foleni isiyo na mpangilio.

Vyovyote utakavyochagua, ukimaliza kuiweka ijaribu kwa ukatili. Anzisha mkutano na mwenzako aliye nje ya jengo, mwambie ahesabu namba kwa sauti bila kukoma nawe fanya hivyohivyo, kisha pakia faili la gigabaiti 1 kutoka kwenye kompyuta nyingine. Msikilizane kwa dakika tano. Sauti ikivunjika, fungua ruta na utazame kihesabio cha ile foleni ya mkutano. Kikiwa kinasoma sifuri, pakiti hazipiti hapo, na tatizo ni utambuzi: anwani, poti, FastTrack au alama iliyofutwa. Kikiwa kinapanda na sauti bado inavunjika, kikomo ulichoweka ni kikubwa kuliko laini ilivyo kweli. Kishushe kwa megabiti moja, mwambie mwenzako aanze kuhesabu tena.